Mkaguzi wa usalama kazini si wa viwandani tu

"Benki haina mashine ya kumkata mtu kidole, mkaguzi aje kutafuta nini?" Hoja hii ni ya zamani nchini Kenya, na chimbuko lake linaeleweka: sheria ya 1951 ilihusu viwanda. Ila mwaka 1990 ilipanuliwa kugusa sehemu nyingine za kazi, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inahusu kila mahali mtu anapofanyia kazi, iwe benki, ofisi ya bima au chama cha akiba na mikopo.

Humo mkaguzi hatafuti msumeno. Anasukuma mlango wa dharura, na si ajabu akute umezibwa na maboksi ya faili kuukuu. Anasoma tarehe kwenye kizima moto, anainama kutazama nyaya chini ya meza ya keshia, anakalia kile kiti kinachovunja watu migongo. Lifti nayo huchunguzwa kila miezi 6. Tawi lenye wafanyakazi 20 au zaidi lazima liwe na kamati ya usalama.

Wakaguzi wa Benki Kuu ni wengine kabisa. Hao shida yao ni vitabu na mtaji.