Je, mpira wa kikapu wa zamani ulikuwa wa pointi chache?

Wengi waliotazama mpira wa kikapu wa kulipwa wa Marekani miaka ya 1990 wanaamini kwamba zamani pointi zilikuwa chache kwa sababu ulinzi ulikuwa mkali. Kumbukumbu hiyo ina msingi: msimu wa 1998–99 timu ilipata wastani wa pointi kama 92 tu kwa mchezo.

Lakini zamani hiyo haikuwa moja. Katikati ya miaka ya 1980 wastani ulikuwa takriban 110. Msimu wa 1961–62 ulikaribia 119, juu kuliko misimu ya karibuni, tena kabla ya mstari wa pointi 3 (mtupo wa nje yake huhesabiwa pointi 3) uliokuja 1979. Kilicholeta tofauti zaidi ni kasi: msimu huo wa 1961–62 timu ilirusha kikapuni zaidi ya mara 100 kwa mchezo, leo ni kama 89. Na ulinzi wa kanda, yaani mchezaji kulinda eneo badala ya mpinzani mmoja, ulikuwa marufuku hadi 2001.

Ukitaka kuhakiki, usianze na vipande vya video vilivyoteuliwa, maana huonyesha vikumbo na madanki tu. Chukua jedwali la takwimu za mchezo mzima, hesabu mitupo, linganisha na mchezo wa wiki hii. Mimi hupenda kutazama robo nzima ya mchezo wa 1985 bila kuruka hata dakika. Kasi yake unaiona kwa macho.