Programu huria zimejaa ndani ya vifaa vyetu, ufunguo bado hatunao

Chukua simu ya Android, fungua mipangilio, shuka hadi sehemu inayoeleza habari za simu yenyewe, kisha utafute taarifa za kisheria. Humo utakuta orodha ya leseni. Ni ndefu kiasi kwamba wengi huiacha kabla hawajafika mbali, lakini kwa mtu wa kazi yangu huo ndio ukurasa wa kusoma kabla ya mingine yote, kwa sababu unataja kazi za watu gani zilikusanywa hadi simu ikaweza kuwaka. Televisheni janja ina ukurasa wa namna hiyo. Ruta nayo mara nyingi huja na kijikaratasi chenye maneno yale yale, na magari mapya, printa na kamera za ulinzi haziko mbali.

Kazi yangu ni kuandika programu zinazokaa ndani ya vifaa kama hivyo. Kila kifaa ninachokishika kina programu huria ndani yake, yaani programu ambazo msimbo chanzo wake, yaani maandishi ya mwandishi wa programu yanayoiambia kompyuta la kufanya, uko wazi na leseni yake inamruhusu yeyote kuzitumia, kuzichunguza, kuzibadili na kuzisambaza. Zimeenea kuliko walivyotarajia hata waliozipigania. Alichoachiwa mwenye kifaa, hata hivyo, ni kidogo sana ukilinganisha na kile kilichokusudiwa.

Mwaka 1983 mwandishi wa programu Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa kuunda mfumo huria wa kuendesha kompyuta, akitaka mtumiaji awe na mamlaka juu ya kompyuta yake. Mwaka 1991 Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi Helsinki, akatoa kiini cha Linux, yaani sehemu ya ndani kabisa ya mfumo inayoendesha maunzi ya kompyuta. Tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zinazoongoza kwa nguvu duniani zinaendeshwa na Linux, na mwaka 2021 helikopta ndogo ya Ingenuity iliruka kwenye sayari ya Mirihi ikitumia kiini hicho hicho. Mimi lakini huvutiwa zaidi na vitu ambavyo hakuna anayeviona. SQLite, hifadhidata aliyoianzisha Richard Hipp mwaka 2000, ndiyo inayotunza ujumbe na majina kwenye karibu kila simu janja. Programu ya curl ya Daniel Stenberg, iliyotoka kwa jina hilo mwaka 1998, husafirisha data kati ya seva na vifaa ambavyo wamiliki wake hawajawahi kulisikia jina hilo.

Watu hudhani zimeenea kwa sababu ni za bure. Bei inasaidia, ila kwa ninavyoona, sababu kubwa zaidi ni kwamba hakuna wa kumwomba ruhusa. Mhandisi anayehitaji njia ya kubana mafaili hasubiri mkataba wala mwanasheria. Anaipakua asubuhi, jioni kifaa kinafanya kazi. Kuandika upya mawasiliano ya mtandao au usimbaji fiche kungemchukua miaka, na angeishia kuwa na kitu dhaifu kuliko kile ambacho tayari kimepita mbele ya macho ya wengi.

Sasa leseni zenyewe, maana hapo ndipo mambo yanapogawanyika. Kuna leseni za ruhusa, kama MIT na BSD: chukua msimbo, fanya utakalo, ila jina la mwandishi na tamko la leseni vibaki. Kisha kuna GPL, aliyoitoa Stallman mwaka 1989. Hiyo inasema ukimpa mtu programu iliyotokana na msimbo huu, mpe na msimbo wenyewe pamoja na mabadiliko uliyoyafanya, kwa masharti yale yale. Linux iko chini ya toleo la 2 la GPL, la mwaka 1991. Toleo hilo linamtaka anayesambaza programu aambatanishe msimbo, au atoe ahadi ya maandishi ya angalau miaka 3 kwamba atamkabidhi yeyote atakayeuomba. Ahadi hiyo ndiyo iliyomo kwenye kile kijikaratasi cha ruta.

Na inafanya kazi. Mwaka 2003 watu walibaini kwamba ruta ya Linksys WRT54G ilikuwa ikiendeshwa na Linux bila msimbo wake kutolewa. Walidai, kampuni ikautoa, na mwaka uliofuata mradi wa OpenWrt, mfumo huria wa kuendesha ruta, ukaanza kutokana na msimbo huo. Leo OpenWrt inaendesha ruta za watengenezaji wengi, zikiwemo zile ambazo wenyewe waliacha zamani kuzitolea masasisho. Hiyo ndiyo maana kamili ya GPL: kampuni imekitupa kifaa, mwenyewe bado anakitunza.

Baadaye ikapatikana njia ya kutii leseni huku mlango ukiwa umefungwa. Kinasa video cha TiVo kilitoa msimbo wake wa Linux kama inavyotakiwa, lakini mashine yenyewe ilikagua saini ya kidijitali kila ilipowaka na kukataa programu ambayo kampuni haikuisaini. Msimbo unao, ruhusa ya kuubadili unayo, na kifaa ulichokinunua hakiupokei. Toleo la 3 la GPL, la mwaka 2007, liliandikwa kwa sehemu ili kuziba mwanya huo. Torvalds alilikataa, akishikilia kwamba mtengenezaji ana haki ya kuamua mashine yake ikubali nini, na Linux ikabaki kwenye toleo la 2. Namheshimu Torvalds sana, lakini katika hili Stallman aliona mbali zaidi. Sipingi kufuli lenyewe, kwa kuwa linazuia programu hasidi na linampunguzia mwizi faida. Ninachopinga ni mwenye kifaa kunyimwa ufunguo, hata baada ya mtengenezaji kuacha kukihudumia.

Kuchukua bila kuomba kuna upande mwingine pia: kuchukua bila kurudisha. Aprili 2014 ulitangazwa udhaifu ulioitwa Heartbleed ndani ya OpenSSL, programu iliyokuwa ikilinda sehemu kubwa ya tovuti duniani. Umma ukagundua kwamba mradi huo ulikuwa ukipata takriban dola 2,000 za michango kwa mwaka. Machi 2024 mambo yalikuwa ya kutisha zaidi. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa ameusaidia mradi mdogo wa xz, programu ya kubana mafaili, kwa zaidi ya miaka 2, akaaminiwa na mtunzaji aliyekuwa amelemewa, kisha akapenyeza mlango wa siri kwenye matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Andres Freund, mhandisi aliyekuwa akipima utendaji wa hifadhidata, aliona kuingia kwenye seva kunachelewa kwa takriban nusu sekunde, akafuatilia mpaka akaufichua. Msimbo kuwa wazi ndiko kulikomwezesha kuchimba. Lakini ni uchovu wa mtu mmoja aliyeachwa na mzigo wa wote uliomfungulia njia mvamizi.

Kurudisha huko sasa kunaanza kuwa wajibu. Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu usalama wa bidhaa za kidijitali ilianza kuwa na nguvu Desemba 2024, na masharti yake mengi yatatumika kuanzia Desemba 2027. Mtengenezaji atapaswa kuorodhesha programu zilizomo ndani ya bidhaa yake na kushughulikia udhaifu wake katika kipindi chote cha huduma. Akigundua udhaifu kwenye kipande huria, atamjulisha anayekitunza, na kama ameshaandika marekebisho, atampa. Kwangu hilo ni jambo kubwa: kampuni zilizozoea kuchukua kimya kimya zitalazimika kuzungumza na watu wanaozibeba.

Suala la ufunguo lingali palepale. Kwa sasa njia iliyopo ni kuamua kabla ya kulipa. Tovuti ya OpenWrt ina orodha ya ruta inazozikubali, aina kwa aina hadi toleo la maunzi, na baadhi ya watengenezaji wa simu hueleza wazi jinsi mwenyewe anavyoweza kufungua kufuli na kuweka mfumo mwingine. Ukiikosa habari hiyo kwenye tovuti yao, waandikie uwaulize kabla hujanunua.