Bonde la mto lina milima ndani yake

Kwenye kikao kimoja cha kijiji Mufindi, mtaalamu wa maji alikuwa akieleza habari za Bonde la Rufiji. Mzee mmoja wa benchi la nyuma, koti limefungwa vifungo mpaka shingoni, akanyoosha mkono: "Sasa mwanangu, hayo si mngewaeleza wa huko bondeni? Sisi huku tuko mlimani." Watu wakacheka. Mtaalamu naye akacheka, akaendelea na mada yake. Hapo ndipo alipokosea.

Bonde la mto ni eneo lote ambalo mvua ikinyesha, maji yake huishia katika mto huo. Basi, maana ni hiyo.

Kinachosumbua ni neno. Katika Kiswahili cha nyumbani, bonde ni kinyume cha mlima. Wabondei wa Muheza wameitwa hivyo kwa sababu nchi yao iko chini ya milima ya Usambara. Dar es Salaam kila masika tunasikia "wakazi wa mabondeni wahame", na hakuna anayedhani wanaambiwa watu wa Pugu, ingawa Msimbazi unaanzia vilima vya hukohuko. Watu wa maji wakalichukua neno hilihili, wakalibebesha maana nyingine bila kutuaga. Waingereza wanatumia neno ambalo kwetu liliingilia uani, likawa beseni. Tungesema "beseni la mto" pengine tungeelewana upesi: beseni si kitako peke yake, lina na kingo, na maji ukiyamwagia ukingoni yanateremka yenyewe.

Mufindi ni ukingo. Mvua ya upande mmoja huenda Kilombero, ya upande wa pili Ruaha, na zote huishia Rufiji. Ruaha Mkuu ulipoanza kukauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, mwaka 1993, macho yalikwenda Usangu, tambarare ambayo mto huo hupita kabla ya kufika hifadhini, kwenye mpunga na ng'ombe wa Ihefu, kinamasi cha hukohuko. Mpunga kweli unakunywa. Lakini mito inayoilisha Usangu inateremka kutoka nyanda za juu, kwenye vinyungu, yaani bustani za ardhi chepechepe, vilivyolimwa hadi mdomoni mwa chemchemi na mikaratusi iliyopandwa kando yake.

Kwa hiyo, mzee wangu, uko mlimani, hakuna anayekubishia. "Bondeni" ni kule Usangu. "Katika Bonde la Rufiji" ni mpaka hapo kwenye kinyungu chako.