Kufundisha kwa Mchezo wa Misri ya Kale: Yaliyobuniwa Ndiyo Somo

Kwa muda sasa nimekuwa nikiandaa vipindi vya historia kwa wanafunzi wa sekondari kwa kutumia mchezo wa video uitwao Assassin's Creed Origins, uliotolewa na kampuni ya Ubisoft mwezi Oktoba 2017. Swali ninaloulizwa mara kwa mara na walimu wenzangu ni kama mchezo huo unasema kweli kuhusu Misri ya kale. Jibu langu huwakatisha tamaa baadhi yao: mahali pengi unasema kweli, mahali pengine unabuni, na katika kazi yangu yale yaliyobuniwa yamenifaa kuliko yale ya kweli.

Kwanza niwaondoe hofu wanaodhani kwamba ninawapa vijana panga na mikuki ya kuchezea. Februari 2018 kampuni hiyo ilitoa toleo la matembezi, Discovery Tour, ambamo mapigano yameondolewa na kubaki nchi yenyewe, yaani Misri ya ukoo wa Ptolemaio katika zama za Kleopatra, pamoja na ziara 75 zenye maelezo ya sauti na picha za vitu halisi vya kale. Hata sanamu zilizokuwa uchi zimesitiriwa kwa makombe ya baharini. Vijana hucheka kidogo, nami huwaacha wacheke, kisha huwauliza ni nani aliyeamua zisitiriwe na alikuwa akimfikiria mtazamaji gani.

Nilipoanza nilifanya kosa la kuonyesha ziara nzima ukutani kwa projekta, darasa likatazama kama linavyotazama filamu na kutoka na machache. Siku hizi kila kikundi hupewa dakika 15 na swali moja tu, na kabla ya kugusa kompyuta huandika wanachotarajia kukiona.

Mfano ninaoupenda zaidi ni piramidi ya Khufu kule Giza. Ndani ya mchezo, mchezaji hupita katika njia na vyumba ambavyo hakuna mtalii aliyewahi kuvikanyaga, na sababu yake ni kwamba watengenezaji walifuata nadharia ya msanifu majengo Mfaransa Jean-Pierre Houdin, anayeamini kwamba mawe ya sehemu za juu yalipandishwa kwa njia ya mteremko iliyojengwa ndani ya piramidi yenyewe. Nadharia hiyo haijathibitishwa. Hata hivyo, siku chache tu baada ya mchezo kutoka, mwanzoni mwa Novemba 2017, watafiti wa mradi wa ScanPyramids walitangaza kwamba juu ya ule ukumbi mkubwa wa ndani kuna uwazi wenye urefu usiopungua mita 30. Waliugundua bila kutoboa jiwe lolote, kwa kuhesabu miuoni, chembe ndogo zinazozaliwa miale ya kutoka anga za mbali inapogonga angahewa, ambazo hupungua zaidi zinapopenya jiwe kuliko zinapopita mahali patupu. Hapo humwachia mwalimu wa fizikia nafasi yangu. Nikirudi huuliza: je, uwazi huo unathibitisha nadharia ya Houdin? Karibu darasa zima hujibu ndiyo, na huchukua muda mrefu, wakati mwingine kipindi kizima, kabla hawajatenganisha mambo mawili: kwamba uwazi upo, na kwamba tunajua ulikuwa wa kazi gani. Sijawahi kupata mafanikio hayo kwa kutumia kitabu cha kiada.

Hesabu nazo hazikosi mahali. Piramidi hiyo ilikuwa na kimo cha mita 146 hivi na kila upande wa kitako chake ulikuwa na mita 230, na mwanafunzi akigawanya kimo kwa nusu ya upande ataipata tanjenti ya mwinamo wa karibu nyuzi 52, kisha aende kulinganisha na piramidi aliyoiona kwenye skrini.

Jambo jingine ni umbali. Nchi imefinywa sana, kiasi kwamba ukipanda farasi unatoka Aleksandria hadi Giza kwa dakika chache, ilhali safari halisi inakaribia kilomita 200. Hapo ndipo ninapomleta Eratosthenes, mwanazuoni wa Kigiriki aliyeishi Aleksandria takriban miaka 200 kabla ya Kleopatra. Alikadiria kwamba kutoka mji huo hadi Syene, ambao leo ni Aswan, kuna stadia 5,000 (stadia ni kipimo cha umbali cha Wagiriki wa kale), na kwamba tofauti ya pembe ya jua kati ya miji hiyo miwili ni sehemu 1 kwa 50 ya duara, hivyo mzingo wa dunia ukawa stadia 250,000. Wanafunzi hupima ni mara ngapi mchezo umeufinya umbali, kisha huirudia hesabu yake kwa vipimo vya mchezo, na dunia wanayoipata ni ndogo ya kuchekesha.

Kipo pia kituo kinachohusu shule, ambapo wavulana na wasichana wanaonekana wakisoma pamoja. Maelezo yake yenyewe yanakiri kwamba haikuwa hivyo kihistoria na kwamba watengenezaji walichagua kwa makusudi kuonyesha hivyo. Naona wamefanya vyema kukiri, lakini kukiri mara moja hakutoshi katika nchi nzima iliyojaa maamuzi ya namna hiyo yasiyotajwa. Ndiyo maana zoezi la kufunga mada huwa ni moja kila mwaka: kila mwanafunzi huchagua kitu kimoja alichokiona ambacho hakina maelezo, hutafuta ushahidi wake maktabani, kisha huandika maneno yasiyozidi 100 ya kuwekwa kwenye kituo hicho, akitaja kinachojulikana, kinachokisiwa na kilichobuniwa.