Cholmondeley: jina la ukoo lililotoka kwenye mfyeko

Ukilisoma jina hili herufi kwa herufi utajichosha bure. Wenyewe hutamka Chamli, basi. Hata Mwingereza aliyezaliwa London hulikosea akikutana nalo mara ya kwanza, maana wenye jina hili ni wachache.

Asili yake ni kijiji cha Cholmondeley, huko Cheshire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Katika Kiingereza cha kale, leah ilikuwa sehemu ya msitu iliyofyekwa watu wakae na kulima. Ndiyo hiyo -ley iliyomo hata katika Stanley, yaani mfyeko wenye mawe. (Stanley msafiri yule tunayemsoma shuleni hakuzaliwa nalo, alikuwa John Rowlands.) Kilichobaki ni jina la mtu, Ceolmund: ceol ni chombo cha baharini, mund ni ulinzi. Kwa hiyo Cholmondeley ni "mfyeko wa Ceolmund", na kijiji kimo tayari katika daftari la ardhi la mwaka 1086.

Ukoo ulikuja nyuma ya kijiji. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, mabwana wa ardhi walizoea kujiita kwa majina ya mashamba yao. Mtoto aliporithi shamba, alirithi na jina.

Na matamshi? Kiingereza hukaza silabi moja na kuzimeza jirani zake. Vinywa vikalipunguza jina karne hadi karne, huku hati za mirathi zikishikilia tahajia ya mababu. Baadhi ya watu waliamua kuandika wanachosikia, ndipo tukapata Chumley.

Wakenya wamelisikia jina hili bila kulitambua. Lord Delamere, mlowezi aliyeishi 1870 hadi 1931 na ambaye barabara yake Nairobi sasa ni Kenyatta Avenue, alikuwa Hugh Cholmondeley. Delamere ni cheo tu, alichopewa mkubwa mmoja wa ukoo huo mwaka 1821, nacho kimechukua jina la msitu wa huko huko Cheshire. Maana yake ni "la maziwa": yale ya maji, si ya ng'ombe, ingawa anayesimama Naivasha kununua mtindi wa Delamere ana haki ya kudhani vingine.