Acheni Kung'oa Madirisha ya Pwani

"Fundi, shikamoo. Nina nyumba ya marehemu baba Pangani, ya zamani sana, madirisha ya mbao yameoza yote. Nataka nitoe niweke alumini, maana kule kuna chumvi na alumini haishiki kutu. Sijengi kitu, nabadilisha madirisha tu, kwa hiyo kibali hakihusiki. Naomba hesabu."

Haupiti muda mrefu bila ujumbe wa namna hii kunifikia. Namba mpya, maneno karibu yaleyale, na makosa yaleyale matatu. Nilikuwa najibu mmoja mmoja kwa kidole gumba. Kuanzia leo natuma hii.

Wanaoshangaa fundi wa Moshi anatafuta nini kwenye nyumba za baharini: reli ya kutoka Tanga ilifika hapa 1911, na watu hawajaacha kupanda na kushuka tangu hapo. Familia nyingi za hapa mjini zina nyumba ya urithi Tanga, Pangani au Bagamoyo, au wana kijana aliyeko Dar aliyenunua gofu karibu na ufukwe anataka liwe loji. Na msaji (mtiki) ninaouranda karakanani mwingi ni wa shamba la misaji la Longuza, kule Muheza. Mbao zinapanda, madirisha yanashuka.

Nianze na kibali ili nimalizane nacho. Kama nyumba iko Mji Mkongwe wa Zanzibar, hakuna mjadala. Eneo lile limo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000, lina mamlaka yake, na uso wa nyumba, madirisha yakiwemo, hauguswi kabla hujapeleka maombi. Huku Bara unaanzia halmashauri, chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007, na kwa majengo ya kale inaingia Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Hiyo ya 1964 inalinda jengo lililojengwa kabla ya 1863, pawe na kibao cha makumbusho au pasiwe nacho. Ina jambo jingine ambalo wenye nyumba wengi hawalijui: mlango wa mbao au fremu ya mlango iliyochongwa hapa nchini kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1940 inalindwa yenyewe, hata kama nyumba iliyoubeba haina hadhi yoyote. Nalitaja kwa sababu kazi ya madirisha haikosi nyongeza: "Na ule mlango wa mbele wenye nakshi, fundi, utauchukua kwa bei gani?" Siuchukui. Uacheni hapo ulipo.

Hiyo hoja ya "sijengi" haina miguu. Mkaguzi haulizi umeongeza vyumba vingapi, anauliza kama nyumba itabaki na sura ileile. Nenda na barua, picha za kila upande, na mchoro wa dirisha lililopo ukiwa na vipimo. Majibu hutofautiana mji kwa mji, na tusidanganyane, hata afisa kwa afisa. Tena nyumba nyingi za zamani huko pwani hazimo kwenye orodha yoyote. Ukiyang'oa madirisha Jumamosi asubuhi hakuna atakayekuja kukuuliza. Kwa hiyo tuiweke sheria pembeni, tuongee kana kwamba haipo.

"Yameoza yote." Dirisha la mbao nzuri haliozi lote. Linaozea chini. Maji ya mvua yanateremka kwenye shata, ile mbawa ya mbao ya kufunga dirisha, yanatua juu ya kizingiti, yanafyonzwa na ncha za mbao pale zilipokatwa. Chukua bisibisi uanzie hapo, kwenye kona ambapo mhimili wa pembeni unakutana na kizingiti. Rangi imevimba, ukiibonyeza inapasuka, na ndani yake mbao ni nyeusi, inameguka vipande vya mraba, bisibisi inazama bila kusukumwa. Panda juu kiganja kimoja: inazama, lakini kwa kulazimishwa. Panda kingine: inagonga, inateleza, inaacha mkwaruzo tu. Kuanzia hapo hadi juu una mvule au msaji uliokatwa enzi ambazo mti uliachwa ukakomaa, na ni mzima kuliko mbao yoyote nitakayokuuzia mimi. Unakata kwa mshazari juu ya palipooza, unaunga mguu mpya wa mbao ya aina ileile, nyuzi zikifuata mwelekeo uleule, kwa gundi isiyoogopa maji na skrubu za shaba. Kizingiti kikiwa kimekwisha unakitoa kizima na kuweka kipya chenye mteremko wa kwenda nje, na chini yake unachimba mfereji mwembamba ili tone la maji lidondoke badala ya kurudi ukutani. Vibao vya luva, vile vya mlazo vinavyopitisha hewa kwenye shata, unabadilisha vile tu vilivyovunjika. Kazi hiyo haipigi picha vizuri, na mteja wa Moshi anapenda aoneshe wageni kitu kipya. Najua.

Alumini haishiki kutu nyekundu, kweli. Inalika kwa njia yake. Hewa ya chumvi inaitoboa vishimo vidogo vyenye unga mweupe, na inaanzia pale fundi alipofungia kwa skrubu za chuma cha kawaida: metali mbili tofauti, maji ya chumvi katikati, tayari ni betri, na inayoliwa ni alumini. Ipo alumini nene iliyopakwa vizuri, ikafungwa kwa skrubu za stenlesi (chuma kisichoshika kutu kirahisi) ya daraja la 316, itakayokaa miaka mingi mbele ya bahari. Lakini siyo ile uliyotajiwa bei ukafurahi. Na ile reli ya chini ya dirisha la kuteleza ni mtego wa mchanga. Baada ya misimu kadhaa vigurudumu vinakwama, na dirisha linabaki lilivyoachwa.

Nacho hata hicho ni kidogo. Kikubwa ni upepo. Nyumba ile ilijengwa kwa ajili ya pepo za kaskazi na kusi. Vyumba vyake ni vyembamba, vingi havifiki upana wa mita 3, kwa sababu boriti za mikoko ndizo zilizoamua dari litafika wapi. Madirisha ni marefu, ukuta ni mnene, shata ya luva inazuia jua na kupitisha hewa hata ikiwa imefungwa. Dirisha la kuteleza linafunguka nusu. Umekata upepo nusu, umekaribisha jua lote, kisha unanipigia Februari kuniuliza kiyoyozi gani kizuri. Sisi tumelelewa na baridi ya Juni na Julai inayoshuka mlimani. Kwetu dirisha ni kitu cha kufunga. Tunaibeba akili hiyo hadi baharini.

Basi mteja anakubali, kwa shingo upande. "Sawa fundi, tengeneza ya mbao, yaishe." Hayaishi, na hapa ndipo ninapopandwa na hasira, kwa sababu watu wanadhani sharti la uhifadhi ni mbao. Nimeona madirisha ya msaji mtupu, ghali, yameharibu uso wa nyumba kuliko alumini ingeharibu.

Tazama fremu inakaa wapi ndani ya ukuta. Ukuta wa matumbawe unaweza kufika nusu mita. Katika nyumba moja fremu imekaribia uso wa nje, katika nyingine imerudi ndani ikaacha kivuli kirefu asubuhi. Fundi mgeni anaiweka katikati kwa sababu ndipo anapopiga lipu kwa urahisi. Amehamisha kivuli, na nyumba iliyokuwa na macho sasa ina viraka. Halafu unene wa vipande. Yule wa zamani alitumia kipande chembamba mahali pembamba na kinene mahali pa kazi nzito. Wa leo ana mbao ya inchi mbili kwa nne, na kila kitu kinakuwa mbili kwa nne, hadi kioo kinaonekana kama kimefungwa gerezani. Halafu mgawanyo. Madirisha mengi ya kule yana mbawa za juu na za chini zinazofunguka kila moja peke yake, na haikuwa pambo: unafunga za chini ili waliokaa barazani nje wasione ndani, za juu unaziacha wazi hewa ipite. Mteja akiletewa mbawa mbili ndefu badala ya nne, lazima achague ama faragha ama hewa, na jioni ya kwanza anatundika pazia zito. Hewa imekwisha.

Nondo nazo. Za zamani ni za mviringo, zimesimama wima, zimepitishwa ndani ya mbao ya fremu yenyewe. Mpya ni grili ya kuchomelea iliyobandikwa nje, yenye maua. Usalama ni uleule. Chuma kile kikianza kutu kinavimba, na kikivimba ndani ya ukuta kinaupasua. Ndiyo maana hata nondo za kurudishia nazipiga rangi ya kuzuia kutu kabla hazijaingia kwenye tundu, siyo baada, na tundu lenyewe nalijaza mafuta ya kitani.

Kupanua tundu sijadili. Ukuta ule ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa na chokaa na udongo, juu ya dirisha pengine kuna vipande vya boriti vilivyochoka. Ukianza kuvunja pembeni hujui utaishia wapi.

Saruji lazima niiseme kwa urefu, maana ndiyo inayoua kazi nzuri. Dirisha limekuja kutoka Moshi, limekaa sawa kwa timazi, kati ya fremu na ukuta pana nafasi ya vidole viwili. Fundi mwashi anachanganya saruji, anajaza, anasawazisha, anaondoka. Ukuta wa chokaa na matumbawe unavuta unyevu kutoka ardhini na hewani, kisha unautoa taratibu kupitia usoni. Ukizungushia dirisha saruji ngumu, unyevu haupiti hapo tena. Unatafuta njia nyingine, na njia iliyobaki ni mbao. Chumvi nayo inakuja na maji, maji yakikauka inabaki, inakuwa fuwele, fuwele zinasukuma, na lipu ya chokaa iliyo pembeni ya saruji inaanza kumwagika unga. Mwenye nyumba anaona unga, anaita mwashi, mwashi anaongeza saruji. Baada ya muda fremu mpya imeoza ubavuni, mahali ambapo ile ya zamani haikuwahi kuoza, na lawama ni yangu: "Mbao zako, fundi." Jazeni kwa chokaa na mchanga uliooshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Chokaa inachelewa kukaza kwa sababu inakaza kwa kuvuta hewa ya ukaa. Inataka kupakwa kwa tabaka nyembamba na kuloweshwa. Mwashi atanung'unika. Mlipeni siku zake.

Sasa mambo yanayonisumbua mwenyewe, ambayo wenye vitabu huyapita haraka. La kwanza ni msaji. Wanasema rudisha mbao ya aina ileile, lakini msaji wa shamba uliovunwa mapema una sehemu kubwa ya mbao nyeupe ya nje, ambayo wadudu wanaipenda na unyevu unaiweza. Jina ni lilelile, mbao si ileile. Mimi naichambua na kutupa nyingi, na bei inapanda, na kwa mwenye pensheni siwezi kusema kwa moyo mkunjufu kwamba ninamtendea haki.

La pili ni luva za vioo. Nyumba kadhaa za pwani ziliwekewa luva za vioo kwenye fremu za chuma katikati ya karne iliyopita. Afisa anataka zitoke, irudi shata ya mbao. Lakini luva ile nayo imezeeka, watoto watatu wa nyumba ile wamekua chini yake, na inapitisha upepo vizuri kabisa. Turudi mwaka gani? Nimewahi kubishana upande huu na upande ule, kutegemea nyumba.

Na upande wa nyuma, unaotazama ua na choo, ambao hakuna mpita njia anayeuona? Nikiulizwa na mwenye fedha kidogo huwa namwambia aelekeze fedha zake mbele, nyuma aweke cha bei nafuu, ilimradi kifunguke chote na saruji isiguse ukuta. Kama kibali kimesema vinginevyo, kibali ndicho kinachofuatwa.

Wavu wa mbu, kwa kuwa lazima mtauliza: unakaa ndani, kwenye fremu yake nyembamba ya mbao inayotoka kwa vikomeo viwili, ili uoshwe chumvi. Usipigiliwe misumari kwenye shata. Na uwe wa nailoni; ule wa chuma utaugeuza ukuta rangi ya chai.