Je, wajua mwizi wa benki alipataje jeshi lake mwenyewe?

Željko Ražnatović, maarufu kama Arkan, alizaliwa mwaka 1952, mtoto wa afisa wa jeshi la anga la Yugoslavia. Miaka ya 1970 alikuwa akipora mabenki Ulaya Magharibi. Alifungwa Ubelgiji, akatoroka 1979. Akakamatwa Uholanzi, akatoroka tena 1981. Polisi wa nchi kadhaa walikuwa wakimsaka, naye akarudi Belgrade na kutembea mchana kweupe. Iliwezekana kwa sababu idara ya usalama ya Yugoslavia ilimkingia kifua: jambazi anayejua silaha na njia za mipakani alikuwa na kazi ya kuwafanyia.

Jeshi lenyewe lilianzia uwanja wa mpira. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Arkan alishika uongozi wa Delije, mashabiki wa Red Star Belgrade. Wale vijana walikuwa wameshazoea kusafiri kwa makundi, kuimba kwa sauti moja, kupigana na polisi na kumtii mtu mmoja. Oktoba 1990 aliunda kikosi cha wanamgambo kilichoitwa Tigers, na wengi wa mwanzo aliwatoa jukwaani. Kuwageuza askari hakukuhitaji muda mrefu.

Yugoslavia ilipoanza kusambaratika, kikosi hicho kilipigana upande wa Waserbia huko Vukovar, Kroatia, mwaka 1991. Aprili 1992 kikaingia Bijeljina, Bosnia. Huko mpigapicha Ron Haviv alinasa tukio moja: raia wamelala kando ya njia, na askari wa Arkan, miwani ya jua juu ya kichwa, sigara mkononi, anarusha mguu ampige teke mwanamke aliye chini. Anayetaka kumwita Arkan shujaa aitazame kwanza picha hiyo.

Vita vilileta na utajiri. Mei 1992 Umoja wa Mataifa uliiwekea Yugoslavia iliyobaki (Serbia na Montenegro) vikwazo. Petroli na sigara zikawa bidhaa za magendo, na mwenye bunduki mpakani ndiye aliyepanga bei. Thamani ya pesa ilianguka hadi ikachapishwa noti ya dinari bilioni 500. Arkan akanunua klabu ya Obilić, nayo ikatwaa ubingwa wa Yugoslavia msimu wa 1997/98.

Mahakama ya kimataifa ya The Hague, iliyoshughulikia uhalifu wa vita vya Yugoslavia, ilimfungulia mashtaka kwa siri mwaka 1997, yakatangazwa Machi 1999. Mojawapo lilihusu mji wa Sanski Most, Bosnia, 1995: wanaume wapatao 30 walifungiwa hotelini, katika chumba cha boila chenye ukubwa wa mita za mraba tano hivi, hewa haitoshi.

Tarehe 15 Januari 2000 alikuwa ameketi kwenye ukumbi wa mapokezi wa hoteli ya Intercontinental, Belgrade. Ukumbi kama ule ni mgumu kuulinda: wageni hupita huku na huko na kila mmoja ana sababu ya kuwepo. Dobrosav Gavrić, polisi kijana, alimsogelea na kummiminia risasi kichwani. Watu wawili waliokuwa na Arkan waliuawa pia; Arkan alifia njiani akipelekwa hospitali. Mlinzi wake alimjeruhi vibaya Gavrić.

Gavrić alihukumiwa kifungo, lakini alikuwa ameshakimbia. Machi 2011, mjini Cape Town, Cyril Beeka, kigogo wa biashara ya ulinzi, aliuawa kwa risasi ndani ya gari. Dereva aliyejeruhiwa pamoja naye alikuwa akitumia jina la Saša Kovačević. Alikuwa Gavrić.